Behewa la Bi. Sikitu Lililofika Salama

Mnaoniuliza nchi hii iko wapi, nawajibu tangu mwanzo: haipo. Imepakana na nchi nyingine ambayo nayo haipo, na baina yao imepita reli ambayo, kwa bahati mbaya, ipo. Nchi ya kwanza inaitwa Jamhuri ya Unyofu. Ya pili inaitwa Jamhuri ya Ukarimu. Msinitafutie maneno hapo. Majina hayo walijipa wenyewe kwa kura ya ndiyo, na waliopiga hapana waliitwa pembeni wakaeleweshwa.

Huko Unyofu kuna kijiji kinaitwa Magunga, na Magunga aliishi mama mmoja mtu mzima, Bi. Sikitu Malembo, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake kinachoitwa Tusichoke. Kikundi kilikuwa na wanawake arobaini na wawili na shida moja tu, mashine ya kusaga. Ya karibu ilikuwa Kitope, mwendo wa saa tatu kwenda na debe la mahindi kichwani, saa tatu kurudi na debe la unga. Ukiongeza na foleni, siku imekwisha na watoto hawajala. Miaka sita wanawake wale walilima ufuta kwenye shamba la pamoja, wakajinyima, wakaweka, mpaka siku moja wakamtuma Bi. Sikitu nchi ya jirani kwa fundi mmoja aliyesifika, akawaagizie mashine yao wenyewe.

Fundi Kizito wa Ukarimu hakuwa na kiwanda. Alikuwa na kibanda cha bati, mikono miwili na watoto watano. Aliiunda mashine ile kwa miezi minne, akaipaka rangi ya kijani, na kwenye mdomo wa kumwagia mahindi akaandika kwa herufi nyeupe TUSICHOKE. Bi. Sikitu aliiona ikisaga. Aliushika unga wake ukiwa bado na joto. Aliiona ikipandishwa kwenye behewa, akaona mlango ukifungwa, akaona lakiri ya serikali, ule muhuri wa risasi, ikibanwa mlangoni kwa koleo. Akapanda basi kurudi kwao anaimba njia nzima, abiria wamemchoka. Laiti angejua, angeibeba mgongoni.

*

Hapa lazima nisimame niwaeleze jambo, maana bila hilo mtasema natia chumvi.

Nchi hizi mbili ni ndugu. Zina mkataba wa udugu wenye kurasa mia tatu, na ukurasa wa kwanza unasema kwamba kufungua mzigo wa ndugu yako mpakani ni kumtukana. Kwa hiyo pale Daraja la Udugu, behewa linapotoka mikononi mwa reli ya Ukarimu kuingia mikononi mwa reli ya Unyofu, halifunguliwi. Linagongwa. Anatoka ofisa wa huku na ofisa wa huko, kila mmoja na nyundo yake ya serikali, wanagonga ubavu wa behewa, wanainamisha vichwa, wanasikiliza. Likisema *du*, limejaa. Likisema *nga*, ni tupu. Wataalamu walioasisi utaratibu huo waliegemea methali ya wahenga kwamba debe tupu haliachi kuvuma, na wote walipewa nishani. Sauti ikishasikika inaandikwa katika Daftari la Sauti, maofisa wawili wanasaini, wanapeana mikono, treni inapita.

Upande wa Unyofu mgongaji alikuwa Bwana Mfaume, cheo chake Msikilizaji Mkuu wa Mabehewa. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Sasa niambieni, mtu akigonga chuma miaka thelathini na moja, masikio yanabaki? Bwana Mfaume alikuwa hasikii hata radi. Serikali ililijua hilo vizuri, lakini kanuni zinasema Msikilizaji Mkuu lazima awe na uzoefu wa miaka thelathini, na katika nchi nzima mwenye uzoefu huo ni yeye peke yake. Basi aliligonga behewa la Bi. Sikitu, akamtazama mwenzake wa Ukarimu usoni. Mwenzake akatabasamu, kama watu wa kwao walivyofunzwa. Wote wawili wakaandika *du*.

*

Siku ya kuipokea mashine, wanawake wa Tusichoke walikwenda wote stesheni ya Kanju, na ngoma, na khanga za sare. Behewa lilikuwa limesimama pembeni, limefungwa, lakiri inang'aa mlangoni. Bi. Sikitu aliikagua lakiri, akaiona nzima, akawageukia wenzake akanyanyua mikono. Vigelegele vikapasua anga.

Katikati ya vigelegele, kuku wa stesheni masta akapita chini ya behewa na hakutokea upande wa pili. Baada ya muda akasikika analia ndani ya behewa, kile kilio cha kuku aliyekwisha taga.

Vigelegele vikakatika. Bi. Sikitu akamgeukia stesheni masta. "Mwanangu, huyo kuku kaingiaje humo na lakiri ni nzima?"

"Kuku hayumo kwenye karatasi ya mzigo, Mama," alisema stesheni masta. "Siwezi kumzungumzia."

Bi. Sikitu akapiga magoti kwenye kokoto akachungulia chini. Behewa halikuwa na sakafu. Ilikuwa imekatwa yote, kona kwa kona, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Ukichungulia ukiwa chini unaliona paa la behewa kwa ndani, na kuku juu ya ubao mmoja uliosahaulika. Mashine hamna. Hata boliti hamna.

"Tumeibiwa," alisema.

"Lakiri nzima?" aliuliza stesheni masta.

"Nzima, lakini chini..."

"Lakiri ikiwa nzima, mzigo upo. Sheria ya Reli, kifungu cha saba. Saini hapa kwamba umepokea, kisha nakufungulia mlango utoe mali yako."

"Nitasainije kitu ambacho sikioni?"

"Kukiona si lazima, Mama. Fomu haikuulizi kama umekiona."

Bi. Sikitu alikataa kusaini. Walirudi Magunga na ngoma zao kichwani, hakuna aliyezipiga hata kwa kidole. Njiani Bi. Kidawa, mkongwe wa kikundi, mwanamke mwenye ulimi usiomwogopa mtu, alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mimi mashine hiyo sikuiona. Aliyeiona ni yeye." Wengine hawakumjibu, na ndipo Bi. Sikitu alipojua kwamba mashine imepotea na jina lake liko njiani kuifuata.

*

Makao makuu ya Shirika la Reli la Unyofu ni jengo la ghorofa tisa, na kwenye ghorofa ya tisa, ambako lifti haifiki, ipo Ofisi ya Mizigo Isiyopotea. Zamani iliitwa Ofisi ya Mizigo Iliyopotea, lakini jina hilo lilikuwa linavutia watu wengi mno. Mwanasheria wake, Wakili Pazi, alikuwa mtu wa heshima zake. Alimwamkia Bi. Sikitu shikamoo, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akavua miwani.

"Pole sana, mama yangu. Furahi, maana sheria iko upande wako. Kifungu cha kumi na tisa kinasema wazi kabisa kwamba shirika litawajibika kwa mzigo wowote utakaopotea mikononi mwake."

"Ahsante Mungu wangu," alisema Bi. Sikitu, akajishika kifua.

"Ili mradi," aliendelea Wakili Pazi, "mdai aulete mzigo huo hapa ofisini, tuukague, tujiridhishe kwamba ndio wenyewe uliopotea."

Bi. Sikitu akaushusha mkono kutoka kifuani. "Baba, kama ningekuwa nao wa kukuletea, ningepanda ngazi zote hizi kufanya nini?"

"Hilo swali liliulizwa bungeni kifungu kilipopitishwa," alisema wakili kwa masikitiko ya kweli. "Spika alisema ni swali zuri sana."

Kisha akamweleza jambo la pili. Kwa mkataba wa udugu, anayewajibika ni nchi ambamo mzigo umepotelea. Kama umepotelea Ukarimu, basi Ukarimu. Je, Mama anajua umepotelea wapi? Bi. Sikitu akasema kwenye reli. Wakili Pazi akasema reli ni ndefu. Akamshauri aende Ukarimu akaombe barua moja tu, ya kukiri kwamba ulipotelea kwao. "Wakikiri, sisi hatuna kinyongo nao," alisema, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi.

*

Kule Ukarimu hakuna aliyemwambia hapana hata mara moja. Siku ya kwanza alipewa chai. Siku ya pili chai na maandazi. Siku ya tatu walimchinjia jogoo, akala na makarani wa reli huku wanamwuliza habari za kwao, na mvua, na wajukuu. Siku ya nne ndipo mkurugenzi mwenyewe akamkaribisha ofisini, kwenye zulia.

"Dada yetu, tungependa sana kuwa na hatia," alisema mkurugenzi. "Kwetu mgeni akiomba kitu haondoki mikono mitupu. Lakini tazama mwenyewe Daftari la Sauti. Tuliwakabidhi *du*. Mtu wenu kasaini kwamba kasikia *du*. Sasa *du* yetu mmeipeleka wapi?"

"Mtu wetu ni kiziwi, ndugu mkurugenzi."

"Tunajua. Tunamheshimu sana. Lakini sikio la nchi ya watu hatuwezi kulisema vibaya, kidiplomasia. Ongeza chai."

Bi. Sikitu akajaribu tena mwezi uliofuata, na mwezi mwingine tena. Alipigwa danadana kwa adabu mpaka akayachukia maandazi. Huku anaambiwa lete barua ya kule, kule anaambiwa karibu tena. Viatu vikaisha soli. Magunga nako maneno yakanoga: bati moja alilobadilisha juu ya jiko lake, lililokuwa linavuja miaka mitatu, likahesabiwa kuwa ndiyo mashine yenyewe. Bi. Kidawa aliapa mbele ya watu kwamba akipata karatasi yoyote, hata ya kufungia karanga, yenye saini ya Sikitu kupokea mzigo ule, atampeleka mahakamani.

Ndipo alipomkumbuka Fundi Kizito. Alimkuta kibandani kwake, mikono myeusi kwa oili. Fundi alipomwona alinyanyuka kwa furaha kama aliyemwona dada yake.

"Mama Mwenyekiti! Haya, nipe habari. Inasaga vizuri? Nilikuwa na wasiwasi na ule mkanda."

Bi. Sikitu akaketi kwenye gurudumu bovu akamweleza yote. Fundi Kizito alisikiliza amesimama, na Bi. Sikitu alipofika kwenye habari ya sakafu, fundi alifuta macho kwa kiwiko, ikabaki alama nyeusi shavuni. Alisema kama angekuwa na chuma kingine angeanza kuunda nyingine saa hiyo hiyo. Chuma hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni neno lake, akaliandika kwenye karatasi: Mimi Kizito naapa kwamba niliipandisha mashine hii kwenye behewa kwa mikono yangu, nzima, inasaga. Akaweka na dole gumba, kwa uhakika. "Ipeleke popote, dada," alisema. "Mimi sina cha kuogopa, ni ukweli."

*

Bi. Sikitu aliikabidhi karatasi ile kwa Wakili Pazi, na ushahidi wa Fundi Kizito ukazisumbua serikali mbili. Ikaundwa Tume ya Pamoja, na baada ya miezi minane ya semina tume ikakutana juu ya Daraja la Udugu, mchana wa jua kali, na bendi ya tarumbeta kutoka kila upande. Bi. Sikitu alialikwa kama mdau. Alipewa kofia.

Wapimaji walivuta kamba kutoka nguzo ya mpaka ya Unyofu mpaka nguzo ya mpaka ya Ukarimu, na loo, nguzo hizo hazikugusana! Katikati ya daraja zilibaki hatua kumi na moja ambazo hazikuwa za mtu. Waziri wa Reli wa Unyofu akapanda jukwaani jasho linamtiririka, uso unameremeta kwa raha.

"Ndugu wananchi wa nchi mbili! Leo historia inaandikwa, na inaandikwa hapa! Tumekubaliana kwa kauli moja kwamba mzigo ule haukupotelea Unyofu." Makofi. "Tumekubaliana tena, kwa kauli ileile, kwamba haukupotelea Ukarimu!" Makofi, tarumbeta. "Ni nchi gani nyingine duniani, nawauliza, zimekubaliana mambo mawili kwa siku moja? Mzigo ulipotelea katika hatua hizi kumi na moja, na sisi tunaziachia hatua hizi ziwajibike zenyewe. Kuanzia leo zitaitwa Uwanja wa Maelewano!"

Bi. Sikitu akanyanyua mkono. Alitaka kuuliza, basi yeye amdai nani? Mto? Ofisa wa itifaki akamjia mbio, akamnong'oneza kwamba ratiba haina nafasi ya maswali, ila kuna nafasi ya vigelegele ambayo bado haijapata mtu, je, Mama anaweza?

Nawaambieni ukweli wangu, angeweza kukataa. Lakini mtu akishachoka kiasi kile, kukataa nako ni kazi. Alifungua mdomo akapiga vigelegele, vyembamba, vya peke yake, na mawaziri wakamgeukia wakamshukuru.

*

Kazi ya tume ilipokwisha, ikaja barua kutoka kwa stesheni masta wa Kanju. Ilisema behewa la Bi. Sikitu limekaa pembeni miezi kumi na minne, nyasi zimeota ndani yake mpaka zinachungulia kwenye matundu ya hewa, na mbuzi wanaingia kwa chini kuzila. Kwa kuwa mzigo upo na mwenyewe hataki kuupokea, asiposaini ndani ya siku saba atashtakiwa kwa kuzuia shughuli za reli ya taifa.

Akapanda tena zile ngazi za ghorofa tisa. Siku hiyo alipumzika kwenye kila ghorofa. Wakili Pazi alimwona alivyo, akafunga mlango, akasogeza kiti chake karibu.

"Mama yangu, leo sisemi kama wakili. Nasema kama mwanao. Umeteseka vya kutosha." Akatoa fomu mbili kutoka kwenye mtoto wa meza, moja nyeupe, moja ya pinki. "Hii ya pinki ndiyo dawa. Fomu ya Rejesho. Unaandika kwamba mashine uliyoletewa haisagi. Ni uongo?"

"Si uongo. Haisagi."

"Umeona? Basi tunalirudisha behewa kwa aliyekuuzia. Tunabana lakiri mpya, linagongwa darajani, linaandikwa *du*. Likifika kwa fundi wako, lakiri ni nzima, kwa hiyo kapokea. Atatakiwa akupe mashine nyingine ndani ya siku tisini. Asipotoa, ndani. Na hawezi kukana kwamba ni yake, maana hii hapa karatasi yake na dole gumba. Kajikamatisha mwenyewe." Aliipigapiga karatasi ile kwa upendo.

Bi. Sikitu akamkazia macho.

"Usinitazame hivyo, Mama. Kila mtu hufanya hivyo. Kwani unadhani mabehewa yote yale yasiyo na sakafu yanakwenda na kurudi kwa nini? Kila mmoja anampa mwenzake. Siku tisini tu, mashine unayo Magunga, mpya, na hakuna atakayesema neno juu yako tena."

"Na yeye?"

"Yeye naye atafute wa kumpa."

"Hana wa kumpa. Ana watoto watano na kibanda."

Wakili Pazi akafungua mikono. Alimwonea huruma kweli, msimdhanie vibaya, alikuwa mtu wa dini. "Basi kuna hii nyeupe," alisema. "Fomu ya Mapokezi. Unasaini kwamba umepokea mashine moja, nzima, katika hali nzuri, na huna madai na mtu yeyote wa nchi yoyote. Shauri linafungwa. Ila soma hapo chini: atakayebainika kutoa taarifa ya uongo kwenye fomu hii, kifungo miaka mitano. Kwa hiyo ukishasaini, Mama, unayo. Usije ukasema huna."

Bi. Sikitu aliishika ile ya pinki. Naapa alitamani. Aliwaona wenzake wamesimama kwenye mashine ya kijani, akalisikia jina lake likisemwa vizuri tena, akamwona hata Bi. Kidawa kanyamaza. Kisha akauona ule mkono wa fundi uliofuta machozi ukaacha alama nyeusi. Akavuta ile nyeupe, akasaini, akaomba maji ya kunywa. Maji yalikuwa hayajatoka tangu Jumatatu.

*

Magunga waliitana chini ya paa la shule. Bi. Sikitu alimkabidhi katibu wa kikundi, Tausi, ile nakala ya fomu nyeupe bila kusema chochote, na Tausi akaisoma kwa sauti. Nimepokea. Mashine moja. Nzima. Katika hali nzuri. Saini, Sikitu Malembo.

Bi. Kidawa akaja mbele akaitazama ile saini.

"Umesaini," alisema Bi. Kidawa. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililotisha.

"Nimesaini."

"Kwa karatasi hii nakwenda mahakamani asubuhi, saa nne umefungwa. Unajua?"

"Najua."

"Sasa nieleze, Sikitu, mimi mtu mzima nielewe. Ulikuwa hujasaini miezi kumi na minne. Kimekupata nini?"

Bi. Sikitu akawaeleza habari ya fomu ya pinki. Aliieleza kwa ufupi, kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda kulala. Alipomaliza, mama mmoja kule nyuma akauliza kama ile ya pinki ingewapa mashine kweli. Akasema ndiyo, ingewapa. Basi palichafuka! Mmoja akasema fundi ni mtu wa nchi nyingine, si ndugu yetu. Mwingine akasema na sisi je, shingo zetu zinazozama mabegani kwa madebe, si za binadamu? Maneno yale yote Bi. Sikitu alikuwa amejiambia mwenyewe ndani ya basi.

Bi. Kidawa alijifunga khanga, akachukua ile nakala mkononi mwa Tausi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye pindo la khanga, akatoka bila kuaga.

Asubuhi yake walikwenda Kitope, maana njaa haisubiri kesi. Walikuwa thelathini na kitu, kila mmoja na debe lake, na Bi. Sikitu nyuma kabisa, peke yake, hakuna aliyetembea naye. Bi. Kidawa alikuwa mbele. Walipofika njia panda, pikipiki ikawakuta. Alikuwa Afisa Takwimu wa wilaya, baba mmoja mwenye kitambi na miwani na daftari kubwa, akawasimamisha kwa furaha.

"Akina mama wa Magunga! Hongereni sana! Fomu yenu ya mapokezi imeingia wilayani jana jioni. Sasa mmo kwenye takwimu, kijiji chenye mashine." Akatazama madebe. "Hayo mahindi mnayapeleka wapi?"

"Kitope," alisema mmoja. "Kusaga."

"Kitope? Kwa nini Kitope?" Furaha ikaanza kumtoka usoni. Akafungua daftari, akachomoa kalamu. "Mashine yenu ipo au haipo? Maana kama haipo, aliyesaini kaidanganya serikali, na hilo ni jambo jingine. Mwenyekiti wenu ni nani?"

Wanawake wote wakageuka nyuma. Bi. Sikitu akahisi debe limekuwa zito maradufu. Akapiga hatua ajitokeze, maana ataficha nini tena, lakini Bi. Kidawa alikuwa amekwisha shusha debe lake chini. Akajifuta jasho la shingo polepole, akamtazama afisa kwa yale macho yake.

"Mashine ipo, baba," alisema Bi. Kidawa. "Ipo nzima kabisa, katika hali nzuri. Hii hapa nakala." Akafungua pindo la khanga akamkabidhi.

Afisa akaisoma. "Sasa mbona mnatembea saa tatu?"

"Baba yangu, tumeingoja miezi kumi na minne. Mpya vile, tutaianzaje? Tunaogopa kuichakaza. Tumesema tuitunze kwanza."

Afisa akamtazama, akatazama karatasi, akawatazama wanawake thelathini waliosimama wima na madebe kichwani bila mmoja kupepesa jicho. Polepole furaha ikamrudia. Akaandika daftarini huku anayatamka maneno: utunzaji bora wa mali za umma, mfano wa kuigwa wilayani. Akawapongeza kwa niaba ya serikali, akapiga pikipiki teke, akaondoka. Vumbi likatulia.

Hakuna aliyecheka. Bi. Sikitu alimjia Bi. Kidawa na debe lake kichwani, machozi yanamtoka.

"Usinililie hapa njiani," alisema Bi. Kidawa, akainama kushika debe lake upande mmoja. "Weka lako chini, uje unitwike. Kitope mbali."